Meli za Henry Kaiser na makuli wa Kilindini

Henry Kaiser alizaliwa mwaka 1882 katika jimbo la New York, Marekani, akaacha shule akiwa na miaka 13. Aliuza nguo, akapiga picha, kisha akaingia kwenye kandarasi za barabara. Miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wakandarasi wa bwawa la Hoover. Meli hakuwa anazijua.

Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, viwanda vyake vinne vya Richmond, California, viliunda meli 747. Vipande vikubwa vilichomelewa pembeni, kisha vikainuliwa kwa kreni na kuunganishwa. Novemba 1942 waliishua Robert E. Peary kabla ya siku 5 kutimia tangu waanze. Fundi wa jahazi wa Lamu angekataa kuamini.

Walioziunda ndio ninaowaandikia. Wanaume wengi walikuwa vitani, hivyo maelfu ya wanawake walishika kazi ya kuchomelea, na Wamarekani weusi wakahamia kutoka kusini. Kaiser aliwawekea hospitali, na pakafunguliwa vituo vya kulelea watoto wa kina mama hao. Mpango wake wa matibabu ulifunguliwa kwa umma mwaka 1945, na ungalipo hadi leo. Lakini simsafishi: wafanyakazi weusi walitengewa matawi ya chama, wakilipa ada bila kura, na yeye alikuwa na mkataba na chama hicho.

Kaiser alifariki Honolulu mwaka 1967. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilitangaza hifadhi ya taifa pale Richmond: magudi ya meli, hospitali, kituo cha watoto. Red Oak Victory, meli iliyoshuliwa hapo mwaka 1944, ilikuwa imeshaokolewa isikatwe vyuma. Na hifadhi haikuitwa Kaiser. Iliitwa Rosie, mwanamke wa wimbo na picha aliyesimama badala ya wafanyakazi wote wale. Hilo ndilo lililonivutia kuliko meli zenyewe.

Sisi nasi tulikuwa na vita hivyo mlangoni. Mwaka 1942 manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, makuli wa bandarini wakiwemo, waligoma kwa sababu ya mishahara na ughali wa maisha. Ngome ya Yesu tunaitunza, na milango ya Mji wa Kale tunaipigania, vyema. Je, vyumba walivyolala makuli hao, na maghala waliyojaza, vimo katika orodha ya nani? Wajukuu wao bado wako Majengo na Likoni. Waulizwe sasa, kabla tingatinga halijafika.