Henry Moseley na Hesabu ya Elementi

Henry Moseley alizaliwa Weymouth, Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Babaye, mtaalamu wa wanyama, alifariki mwanawe akiwa na umri wa miaka 3 tu. Alipohitimu Oxford mwaka 1910, Moseley alijiunga na maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester.

Enzi hizo wanakemia walizipanga elementi kwa uzito, na mpango huo ulikuwa na kasoro. Nikeli ni nyepesi kuliko kobalti, ilhali tabia yake yadai ifuate nyuma. Mwaka 1913 Moseley alipanga vipande vya metali juu ya kitoroli ndani ya bomba lililoondolewa hewa, akawa anakivuta kwa uzi wa hariri ili kila kipande kipigwe na elektroni kwa zamu. Kila kilichopigwa kilitoa eksirei, naye akazichanganua kwa fuwele na kuzinasa kwenye bamba la picha. Akagundua kuwa kipeuo cha pili cha masafa yake hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi nyingine. Kumbe kitambulisho cha elementi si uzito, bali idadi ya chaji za kiini chake: kobalti 27, nikeli 28. Nafasi za 43, 61 na 75 zilikuwa wazi. Wengine walikuja kuzijaza baada ya kifo chake.

Kazi hiyo ilimchukua muda mfupi mno. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa Australia mkutanoni. Akarejea na kujiunga na jeshi kwa hiari. Risasi ilimuua Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Kaburi lake halijulikani, na tuzo ya Nobel hakuipata.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Anayeishi mtaa wa Ayany, Kibera, ana majirani Wanubi ambao wazee wao, askari wa K.A.R., walipigana na Wajerumani miaka hiyohiyo. Hao nao wana makaburi yasiyojulikana.

Mwaka 1951 Raimond Castaing, Mfaransa, alieleza jinsi ya kuielekeza miale ya elektroni kwenye doa dogo kuliko punje ya vumbi, kisha kusoma eksirei zake kwa kanuni ya Moseley. Kwa mashine ya aina hiyo wanajiolojia wamelinganisha matabaka ya majivu ya volkano kandokando ya Ziwa Turkana, punje kwa punje, na kujua ni visukuku vipi vilivyo vya rika moja.