THOMAS ADEOYE LAMBO: DAKTARI WA KIJIJINI

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini je, mtu zikimruka, ni nani atakayemsaidia kuzishika zile zilizobaki? Wasomaji wapenzi, leo tunawaletea maisha ya daktari aliyelijibu swali hili.

Thomas Adeoye Lambo alizaliwa tarehe 29 Machi 1923 mjini Abeokuta, Nigeria, mji uleule alikozaliwa mwandishi Wole Soyinka. Shule ya upili aliisomea papo hapo Abeokuta. Kisha akavuka bahari kwenda Uingereza, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na baadaye utibabu wa magonjwa ya akili huko London.

Siku hizo za ukoloni, Mwafrika aliyeugua akili aghalabu alifungiwa katika majengo yaliyofanana na jela. Tena kulikuwa na wataalamu walioandika maajabu juu ya vichwa vyetu. Hapa kwetu Kenya, Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Humo alidai eti Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, eti hufanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo! Lambo aliyapinga madai hayo waziwazi katika maandishi yake.

Lakini muungwana ni vitendo. Mwaka wa 1954 Lambo alikuwa amerudi nyumbani kuiongoza hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya Abeokuta. Majengo yalikuwa hayajakamilika. Basi yeye akawaendea wanakijiji wa jirani, akawaomba wawapangishe wagonjwa vyumba. Wanakijiji walipata kodi, nao wagonjwa wakaishi miongoni mwa watu, wakisikia watoto wakicheza na wanawake wakitwanga. Asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, na baadaye mchana wakarudi kijijini. Lambo alishirikiana hata na waganga wa jadi, jambo lililowashangaza wengi.

Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na jamaa yake, awe mama, ndugu au shangazi. Jamaa huyo alimpikia, alimfulia na kumpeleka kwa daktari.

Hebu tulitazame sharti hilo kwa ujuzi wa leo. Wengi wetu hudhani kuugua akili ni kupiga kelele na kuokota makaratasi barabarani. La, hasha! Maradhi kama skizofrenia mara nyingi humpunguzia mtu uwezo wa kumakinika, wa kukumbuka na wa kupanga mambo. Dawa zaweza kuzinyamazisha zile sauti anazozisikia, lakini usahaulifu ukabaki. Sasa mtu kama huyo, ukimwambia ameze dawa kila jioni na arudi kliniki baada ya majuma manne, akisahau utamwita mkaidi? Kule Aro jamaa yake ndiye aliyekuwa saa yake na kalenda yake. Alichosahau mmoja, mwingine alikikumbuka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sifa za Aro zilienea. Mwaka wa 1961 Lambo aliwaita Abeokuta madaktari wa akili kutoka nchi mbalimbali kwa mkutano wa kwanza wa Afrika nzima. Mwaka wa 1963 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Ibadan, na kuanzia 1968 hadi 1971 akawa makamu wa mkuu wa chuo hicho. Na sikilizeni hili: mwaka wa 1973, miaka 20 kamili baada ya kile kitabu cha Carothers, Lambo aliteuliwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika lilelile la Afya Duniani. Alikitumikia cheo hicho hadi 1988. Mwafrika aliyeambiwa hana ubongo wa mbele akaketi mbele!

Alifariki tarehe 13 Machi 2004, akiwa na umri wa miaka 80.

Wenzangu, wagonjwa wengi wa akili leo hutibiwa na kurudi nyumbani, na huenda mmoja yuko kwenu. Akiuliza jambo mara tatu, usimcheke. Mjibu mara ya nne, kisha umkumbushe siku ya kliniki. Kazi hiyo haihitaji shahada ya Birmingham.