Sayyidna Hassan (R.A.): Aliyeacha Kiti Ili Damu Isimwagike

Kila Ramadhani tunasimuliwa vita vya Badr na kufunguliwa kwa Makka, na ni vizuri. Lakini kuna kisa kilichoanza Ramadhani ya mwaka 40 Hijria ambacho madrasa nyingi hukipitia mbio mbio, nacho ni cha mjukuu wa Mtume (S.A.W.), Sayyidna Hassan bin Ali.

Alizaliwa Madina mwaka wa 3 Hijria, na riwaya mashuhuri inasema ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mamake ni Bibi Fatma. Imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa naye juu ya mimbari, yeye bado mtoto, akabashiri kwamba huenda Mwenyezi Mungu akayapatanisha kupitia kwake makundi mawili makubwa ya Waislamu.

Makundi yenyewe yakaja. Sayyidna Uthman aliuawa mwaka wa 35, na Waislamu wakagawanyika: watu wengi wa Iraq walikuwa na Sayyidna Ali, watu wa Sham wakawa na Muawiya, aliyedai kisasi cha jamaa yake. Mwaka wa 37 walipigana Siffin mpaka wakakubali kusuluhishwa, na hapo hapo likazuka kundi la tatu, Khawarij, waliosema kuwapa wanadamu hukumu ni kukufuru. Mmoja wao, Ibn Muljam, ndiye aliyempiga Sayyidna Ali kwa upanga mjini Kufa katika ile Ramadhani ya mwaka 40. Watu wa Kufa wakampa Hassan bai'a.

Muawiya akatoka Sham na jeshi lake, Hassan naye akatoka. Karibu na Madain uvumi ukaenea kambini, na askari wake mwenyewe wakalivamia hema lake wakapora, hata busati alilokalia wakalivuta. Khawarij mmoja akamchoma paja. Hebu fikiria, hao ndio watu wake! Manake ile kambi ilikuwa moja kwa jina tu. Wako waliompenda kwa dhati, wako waliofuata wakubwa wa makabila yao, wako waliotaka ngawira, na wako ambao shida yao ilikuwa kumpiga Muawiya tu, awe nani mbele yao.

Muawiya akatuma wajumbe wawili wa Kikureishi, Abdullah bin Amir na Abdulrahman bin Samura, na sulhu ikafungwa mwaka wa 41. Hassan aliacha ukhalifa baada ya miezi sita hivi. Watu wa Iraq walipewa amani, asiandamwe mtu kwa yaliyopita, na kukawa na makubaliano ya mali. Riwaya nyingine zinaongeza kwamba baada ya Muawiya jambo lirudi kwenye shura. Mimi naona lile la amani ndilo lililobeba mzigo wote. Kundi linalojua litachinjwa likishindwa haliweki silaha chini, lakini likijua litarudi salama kwa watoto wake, lina sababu ya kwenda nyumbani. Hilo la shura halikuwa na mlinzi. Mwaka wa 56 Muawiya alimchukulia bai'a mwanawe Yazid, na mwaka wa 61 ikawa Karbala. Kwa hivyo wanaosema sulhu haikumaliza fitina wana hoja. Hata hivyo, kwa miaka kama 19 Iraq na Sham hazikukutana tena vitani, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jamaa.

Wafuasi wengine hawakumsamehe. Kuna aliyemsalimia kwa kumwita mdhalilishaji wa waumini. Si mchezo kuambiwa hivyo na mtu wa upande wako! Jibu lake lilikuwa kwamba amechukia kuwaua watu kwa kutafuta ufalme.

Akarudi Madina, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka wa 49 au wa 50. Alitamani kuzikwa kando ya babu yake. Marwan na Banu Umayya wakakataa, na watu wakaanza kushika silaha jeneza likiwa bado halijazikwa. Lakini alikuwa ameshamuusia nduguye Hussein kwamba ikihofiwa damu, wasigombane. Hussein akampeleka Baqii, akamzika huko pamoja na Waislamu wengine.