Charles Henry Turner: Mwalimu Aliyechunguza Akili za Wadudu

Ndugu msomaji, nyuki na sisimizi tunawafahamu tangu madrasa, kwani kila mmoja ana sura iliyopewa jina lake katika Qur'ani. Lakini je, wadudu hawa hujifunza? Hukumbuka? Miaka 100 na zaidi iliyopita, wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliona mdudu ni kama mashine: mwanga ukimpiga husogea, harufu ikimfikia hugeuka, basi. Mmoja wa waliolipima jambo hilo kwa majaribio alikuwa mwalimu wa sekondari.

Charles Henry Turner alizaliwa Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Februari 1867, muda mfupi tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini humo. Baba yake alikuwa mtunzaji wa kanisa na mama yake muuguzi. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1891 na ya uzamili mwaka 1892. Utafiti wake ulianzia kwenye ubongo wa ndege, na mwaka huo wa 1892 makala yake ilichapishwa katika jarida la Science. Mwaka 1907 Chuo Kikuu cha Chicago kilimtunuku shahada ya uzamivu, akiwa na umri wa miaka 40.

Mtu mwenye sifa hizo alistahili maabara. Lakini wakati ule milango ya vyuo vikuu vikubwa ilikuwa migumu kwa mtu mweusi. Kuanzia mwaka 1908 Turner alifundisha Sumner High School, shule ya watoto weusi mjini St. Louis. Utafiti aliufanya nje ya vipindi, kwa vifaa alivyojitengenezea mwenyewe.

Katika tasnifu yake alichunguza sisimizi wanavyorudi kiotani. Aliwatengenezea jukwaa la karatasi ngumu lenye njia za kushukia, kisha akahamisha taa iliyowaangazia. Sisimizi walipotea njia. Kumbe hawafuati harufu peke yake. Mwelekeo wa mwanga nao huwaongoza.

Mwaka 1910 alichapisha kazi yake kuhusu nyuki wa bustani moja ya St. Louis. Aliwazoesha kupata asali kwenye visahani vyekundu, kisha akaweka visahani vipya visivyo na asali pamoja na vya rangi nyingine. Nyuki waliviendea vyekundu. Swali moja lilibaki: walitambua rangi, au kiwango cha mng'ao tu? Mwaka 1914 Karl von Frisch alilijibu kwa kutumia karatasi za kijivu za viwango mbalimbali: nyuki huona rangi, hasa buluu na njano, ila nyekundu huwapa shida.

Jaribio la mende, la mwaka 1912, linafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Mende hukimbilia giza. Turner alimpiga kwa umeme kidogo kila alipoingia sehemu ya giza, mpaka mende akaacha kuingia. Mtu mwenye haraka angesema maumbile ya mende yamegeuka, sasa anapenda mwanga. Turner alimhamishia kwenye chombo cha umbo tofauti, na mende akakimbilia giza kama kawaida. Maumbile hayakugeuka. Mende alikuwa amejifunza kwamba mahali fulani pana hatari.

Mwaka 1914 alionyesha kuwa nondo wakubwa husikia. Aina moja haikushtushwa na sauti mpaka alipoiambatanisha na kushikwa kwa nguvu. Baada ya hapo sauti peke yake ilitosha kumshtua nondo.

Afya ilimlazimu kuacha kazi mwaka 1922, akafariki Chicago tarehe 14 Februari 1923, akiwa na miaka 56. Aliacha makala zaidi ya 70.

Ndugu mwanafunzi, tusimgeuze Turner kuwa kisingizio cha kuacha kudai maabara na vitabu. Kunyimwa kwake kulikuwa dhuluma, na hatujui angefika wapi kama angepewa haki yake. Lakini tuchukue kwake jambo hili: jibu la kwanza likikupendeza, tafuta jaribio linaloweza kulikanusha. Turner alihitaji chombo cha pili tu na subira ya kumtazama mende upya.