Daktari Aliyeuliza Kazi ya Mgonjwa

Mtu apitaye Gerezani asubuhi huisikia nyundo kabla hajamwona mpigaji. Hapo wamo wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa magari, wapiga rangi, na wale wanaofungua betri zilizokufa. Ni wananchi wanaokula jasho lao. Mmoja wao akisokotwa na tumbo na kuumwa kichwa wiki nzima, ataulizwa zahanati homa ilianza lini, atapimwa malaria, atapewa dawa. Je, ataulizwa pia kazi anayoifanya kutwa? Swali hilo lina umri wa miaka zaidi ya 300, na maisha ya mtu aliyelidai ni funzo kwa kila mwenye dhamana juu ya afya ya mfanyakazi.

Bernardino Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Alisoma falsafa na utabibu huko Parma, akahitimu mwaka 1659. Miaka yake ya mwanzo aliitumikia mashambani, na huko malaria ikamshika na kumdhoofisha hata akalazimika kurudi kwao. Baadaye akahamia Modena, na mwaka 1682 akateuliwa kuwa profesa wa utabibu katika chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa basi mtu wa cheo, mwenye Kilatini chake na joho lake, na watukufu walimtuma waje awatibu. Angeweza kuridhika na hayo.

Lakini siku moja walikuja topasi nyumbani kwake kuzoa shimo la choo. Profesa akamwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka ya kupita kiasi, kama mtu anayefukuzwa. Akamhurumia, akamuuliza sababu ya kujitaabisha vile. Topasi akamweleza kwamba aliyepitisha saa nne ndani ya shimo lile hujihatarisha kupofuka. Alipotoka, Ramazzini akayachungua macho yake, akayakuta mekundu na yenye ukungu. Kisha akaulizia mjini, akagundua kwamba miongoni mwa ombaomba vipofu wa Modena walikuwamo waliopata kuifanya kazi ile ile.

Tangu hapo hakutulia. Yeye aliyezoea majumba ya wakubwa alianza kuingia katika karakana za wadogo. Aliwatazama wafinyanzi waliosaga risasi ili kuving'arisha vyungu, akaona mikono yao inavyotetemeka na kulegea. Aliwatazama mafundi wa kupaka dhahabu, waliovuta mvuke wa zebaki hata wakapoteza nguvu zao. Aliwachunguza wachoraji waliokaa na rangi zenye sumu, wachimbaji wa madini, wasaga nafaka waliomeza vumbi la unga, hata makarani walioinamia meza kutwa. Mwaka 1700 akayachapisha yote katika kitabu cha Kilatini juu ya maradhi ya watu wa kazi, na mwaka 1713 akakitoa tena kikiwa kimeongezwa.

Kiini cha kitabu hicho ni jambo dogo. Tangu zama za Hippocrates, matabibu walikuwa na maswali ya kumuuliza mgonjwa. Ramazzini akataka liongezwe moja: anafanya kazi gani? Tena akamtaka tabibu aingiaye nyumba ya mnyonge asikimbilie kuushika mshipa na kuandika dawa huku amesimama, bali aketi, japo juu ya kigoda, amsikilize mgonjwa kwa utulivu. Sisi tulio wanafunzi wa siasa ya Ujamaa tunalitambua somo hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau kwa anaowaongoza. Profesa huyu wa Modena aliyajua hayo bila kuandikiwa mwongozo. Hakuona haya kufundishwa na topasi.

Wala hakuishia kuorodhesha maradhi. Alishauri hewa ipite katika karakana, uso ufunikwe penye vumbi, mwili uoshwe, nguo za kazi zibadilishwe. Alitambua pia kwamba mnyonge hana nafasi ya kuugua muda mrefu, maana watoto wake hula kwa mikono yake. Mwaka ule ule wa 1700 alihamia Chuo Kikuu cha Padua. Macho yake mwenyewe yalififia uzeeni, lakini aliendelea kufundisha. Tarehe 5 Novemba 1714 alipigwa na kiharusi alipokuwa akienda darasani, akafariki akiwa na umri wa miaka 81.

Upungufu wa Ramazzini ulikuwa upungufu wa zama zake: alikuwa na shauri, hakuwa na sheria. Hakuna mwenye karakana aliyelazimika kumsikiliza. Ilichukua karibu miaka 200 hata Uingereza, iliyokwisha kujaa viwanda, ikamteua Thomas Legge mwaka 1898 kuwa daktari wake wa kwanza wa kukagua viwanda. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za majengo. Serikali ya Uingereza ilipokataa kuuridhia, Legge alijiuzulu mwaka 1926. Huyo naye alikuwa mwanafunzi wa kweli wa topasi wa Modena.

Kwetu sheria ipo. Ile ya viwanda iliyotungwa na wakoloni mwaka 1950 iliondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali aliyeundwa mwaka 2001, OSHA. Sheria hiyo yataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na tena kila baada ya muda. Wapo wanaodhani kupima huko ni karatasi tu ya kumridhisha mkaguzi. La. Risasi huingia mwilini kwa moshi, kwa vumbi, na kwa mkono usionawa unaoshika mkate. Hukaa katika damu, kisha ikajificha katika mifupa kwa miaka mingi. Mkono utakapolegea, madhara yamekwisha kuwa makubwa. Lakini kipimo cha damu huionyesha risasi mapema, wakati fundi bado anacheka na wenzake. Kupima mara moja hakutoshi. Ni kulinganisha kipimo cha mwaka huu na cha mwaka jana ndiko kunakosema kama karakana ni salama au inaua taratibu.

Tena daftari la vipimo ni ushahidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ili aumiaye kazini asiachwe mikono mitupu. Lakini anayeugua polepole atathibitishaje kwamba maradhi yake yametoka kazini, ikiwa hakuna aliyempima alipoanza? Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopatwa na sumu ya kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na mahakama mwaka 2020. Fidia hiyo ikatenguliwa, na ikarejeshwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Damu iliyopimwa ilisema pale ambapo maneno matupu yasingesikika.

Hapa ndipo Gerezani inapotukaba koo. Mwajiriwa wa kiwanda kikubwa ana mwajiri wa kubanwa na sheria. Kijana anayejifunza kazi chini ya mti, anayemwaga maji ya betri mtaroni na kuyayeyusha madini yake katika sufuria, atabanwa nani kwa ajili yake? Hana barua ya ajira. Akienda kupimwa, siku hiyo hana riziki. Jioni huibeba sumu katika shati lake hadi nyumbani, akampakata mtoto nayo. Na risasi humdhuru mtoto kuliko mtu mzima.

Jawabu si kuwafukuza mafundi hawa, maana kuwafukuza ni kuihamisha sumu tu. Jawabu ni kipimo kuwafuata walipo. Halmashauri na wakaguzi wa serikali wakae na vikundi vya mafundi, wapange siku za kupima hapo hapo mtaani, kila jina liandikwe daftarini, na aliyepimwa aelezwe majibu yake kwa lugha anayoielewa. Vikundi navyo viweke maji na sabuni, nguo za kazi zibaki kazini, na betri kuukuu zikusanywe mahali maalumu. Na katika kila zahanati, swali la kazi liandikwe katika kadi ya mgonjwa juu kabisa, karibu na jina lake.

Tumezoea kusema kwamba ujira wa mfanyakazi ni haki yake kabla jasho halijakauka. Afya yake ni haki iliyotangulia ujira, kwani jasho hutoka mwilini. Ramazzini alihitaji kutazama tu ndani ya shimo la choo chake ili aanze. Sisi tuna sheria, tuna maabara, na tuna Gerezani mlangoni petu. Tuanze kwa kuuliza.