Otto von Guericke: Mtu Aliyeitoa Hewa Chomboni

Bila shaka unaijua pampu ya baiskeli. Ukiisukuma, hewa huingia katika tairi, na tairi hujaa. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyetengeneza pampu ya kazi iliyo kinyume. Pampu yake ilitoa hewa ndani ya chombo. Mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa, huitwa ombwe. Mtu huyo alitafuta njia ya kupata ombwe. Jina lake lilikuwa Otto von Guericke.

1. Mji ulioteketea

Guericke alizaliwa mwaka 1602 katika mji wa Magdeburg, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali. Alisoma sheria. Kisha alikwenda Leiden, Uholanzi, akajifunza hesabu na ujenzi wa ngome. Aliporudi kwao aliingia katika baraza la mji.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa vitani. Vita hivyo vilidumu miaka 30, tangu mwaka 1618 hadi 1648. Mwezi Mei 1631 majeshi ya Kaisari yaliingia Magdeburg kwa nguvu. Yalipora mali na kuua watu, na moto uliteketeza mji. Watu wapatao 20,000 walikufa. Guericke alipoteza mali yake, akatekwa, kisha akakombolewa kwa fedha. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Je, ungekuwa wewe, ungerudi katika mji wa majivu? Guericke alirudi. Alisaidia kujenga mji upya. Mwaka 1646 alichaguliwa kuwa mmoja wa mameya wake. Mara nyingi alitumwa safari ndefu kuutetea mji mbele ya wakubwa. Pamoja na kazi hizo zote, alipata nafasi ya kufanya majaribio.

2. Ubishi wa zamani

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walifundisha kwamba ombwe haliwezi kuwapo. Walifuata vitabu vya Wayunani wa kale. Wengine walikataa. Pande zote mbili zilibishana kwa maneno. Guericke aliona kwamba maneno peke yake hayatoshi. Aliamua kujaribu kwa mikono ili watu waone kwa macho.

3. Majaribio matatu

Kwanza alichukua pipa la mbao, akalijaza maji na kuliziba. Kisha akatumia pampu kuyavuta maji kwa chini. Alifikiri kwamba maji yakitoka yote, hakutabaki kitu ndani. Lakini pipa lilitoa sauti. Hewa ilikuwa ikipenya katika vitundu vidogo vya mbao.

Mara ya pili aliweka pipa dogo ndani ya pipa kubwa lenye maji. Alitaka maji ya nje yaizuie hewa. Hata hivyo mbao zilivuja tena.

Mara ya tatu aliacha mbao. Aliagiza chombo cha shaba, cha mviringo kama mpira. Safari hii hakuweka maji. Alivuta hewa yenyewe. Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi. Baadaye ikawa ngumu, hata watu wawili wenye nguvu waliweza kwa shida. Ghafla ulisikika mshindo mkubwa. Chombo kilikuwa kimebonyea na kukunjika kama kitambaa kilichofinywa mkononi. Guericke alitambua kwamba hakikuwa cha mviringo kamili. Palipokuwa na kasoro, hewa ya nje ilipabonyeza.

Aliagiza chombo kingine, cha mviringo ulio sawa kila upande. Hicho hakikubonyea. Pia aliifanya pampu yake kuwa bora. Alizungushia maji kwenye viungo vyake ili hewa isipenye. Pampu hiyo aliitengeneza karibu na mwaka 1650.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pampu ya kutoa hewa, methali hii ni kweli kabisa. Hata pampu iwe na nguvu namna gani, ufa mdogo utairudisha hewa yote.

4. Farasi kumi na sita

Mwaka 1654 Guericke alionyesha majaribio yake katika mji wa Regensburg, mbele ya Kaisari Ferdinand wa Tatu. Mwaka 1657, huko Magdeburg, alionyesha jaribio linalokumbukwa mpaka leo.

Alikuwa na vibakuli viwili vikubwa vya shaba. Alivifunika kimoja juu ya kingine. Katikati aliweka ukanda wa ngozi uliolowekwa nta, ili hewa isipite. Kisha akatoa hewa iliyokuwa ndani. Vibakuli havikufungwa kwa kamba wala misumari. Lakini walipofungwa farasi 16, wanane kila upande, ilikuwa kazi kubwa kuviachanisha. Kilango kilipofunguliwa na hewa kuingia, vibakuli viliachana kwa mikono tu.

Ni nini kilivishika? Watu wengi hufikiri kwamba ombwe linavuta. Sivyo. Ni hewa ya nje inayosukuma. Hewa ina uzito. Hapa chini, inasukuma kila mahali penye ukubwa wa ukucha kwa nguvu ya kama kilo moja. Sisi hatuumii kwa sababu ndani ya miili yetu kuna nguvu kama hiyo inayosukuma kwenda nje. Lakini vibakuli vyenye upana wa nusu mita, visivyo na hewa ndani, hubanwa kwa nguvu ya kilo zipatazo 2,000. Huo ni uzito wa magunia 20 ya mahindi ya kilo 100.

5. Pampu hiyo leo

Habari za pampu zilifika Uingereza. Mwaka 1659 Robert Boyle, pamoja na msaidizi wake Robert Hooke, walipata pampu iliyo bora zaidi.

Leo pampu za namna hii hutumika katika viwanda na maabara. Kazi yake moja ni kukeneka mafuta na dawa. Kukeneka ni kuchemsha kitu hadi kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo uwe maji tena. Vitu vingine huharibika kwa moto mkali. Lakini hewa ikipungua, vitu huchemka kwa joto dogo. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, ambako hewa ni nyepesi, huchemka kwenye digrii kama 80. Pampu hufanya kazi hiyo bila kupanda mlima.

Mwenye kuchagua pampu huangalia mambo mawili: inaweza kupunguza hewa hadi kiasi gani, na kwa haraka gani. Mwenye kuitumia hukagua viungo vyote kabla ya kuwasha moto. Chombo cha kioo chenye ufa hakitumii, kwa maana kinaweza kupasuka kama kile cha shaba kilivyobonyea. Huvaa miwani ya kukinga macho. Huupoza mvuke kabla haujafika kwenye pampu, usije ukaharibu mafuta yake. Akimaliza, hungoja chombo kipoe, ndipo huingiza hewa polepole.

6. Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1672 Guericke alitoa kitabu juu ya majaribio yake. Mwaka 1681 alihamia Hamburg kwa mwanawe, na huko alifariki mwaka 1686. Vibakuli vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Munich. Chuo kikuu cha Magdeburg kina jina lake.

Ndugu msomaji, mtu huyu aliuona mji wake ukiwa majivu, akaujenga. Aliona vyombo vyake vikivuja na kukunjika. Kila mara aliuliza sababu, akarekebisha, akajaribu tena. Ndivyo maarifa yanavyopatikana.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini pipa la mbao halikufaa?
2. Ni nini kilichovishika vibakuli viwili?
3. Kwa nini maharagwe huchelewa kuiva milimani?
4. Taja kazi moja kijijini kwenu iliyoharibika kwa sababu ya ufa mdogo. Mngewezaje kuuziba mapema?