Nygaard, baba wa lugha ya Simula aliyegeukia wafanyakazi

MASIKA ya 1967, mfanyakazi mgeni wa Kituo cha Kompyuta cha Norway, jijini Oslo, alikimbia mapokezi akiwa na hofu kwamba wanaume wawili walikuwa wakipigana mbele ya ubao. Mhudumu alitega sikio, kisha akamtuliza: walikuwa ni Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl tu, wakijadiliana kuhusu Simula.

Ubishi huo ulizaa matunda. Nygaard, aliyezaliwa Oslo mnamo Agosti 27, 1926, alikuwa amehamia kituoni humo 1960 kutoka taasisi ya utafiti wa ulinzi. Alitaka lugha ya kuigizia kwenye kompyuta mambo kama vile foleni na shughuli za viwandani.

Mfano mmoja ulikuwa wa magari yanayosubiri kulipa ushuru darajani. Lori, basi na gari dogo yote ni magari, ila kila moja lina sifa zake. Wawili hao waliamua kwamba sifa za pamoja ziandikwe mara moja, kisha kila aina iongezewe zake.

Simula 67 ilikwenda mbali zaidi. Amri moja, tuseme ya kukokotoa ushuru, iliweza kupewa gari lolote. Lori likaitekeleza kwa njia yake na basi kwa yake. Mtoa amri hakuhitaji kujua ni gari lipi linalomjibu. Hiyo ndiyo polimofizimu. Lugha ya Java, iliyotolewa 1995, iliipa orodha ya amri za aina hiyo nafasi yake yenyewe, yaani kiolesura: ahadi ya kitakachotendwa, bila kusema kitatendwa vipi.

Lakini Nygaard alitambua kwamba chombo cha kupangia kazi kiwandani kingeweza kuwageuka wanaoifanya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika utafiti uliowawezesha kuielewa mitambo hiyo na kudai sauti katika uamuzi wa kuileta. Mwaka wa 1975, vyama vya wafanyakazi na waajiri nchini humo vilitia saini mkataba kuhusu suala hilo.

Hakuishia hapo. Aliongoza kampeni ya kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na katika kura ya Novemba 1994 upande wake ulishinda kwa asilimia 52.2.

Yeye na Dahl walitunukiwa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl alifariki Juni 29, 2002. Nygaard alimfuata wiki sita baadaye, Agosti 10.